Courant ya Kurudia

Zzzzzzz. Kimya. Zzzzzzz tena, nyuma ya nyumba za cheminot, wafanyakazi wa reli, usiku wa manane, na Sephora akamkumbatia mwanawe Marc kwa nguvu hata mtoto akalia. Tangu Agosti kila kitu chenye magurudumu hapa Kamina kilikuwa kimechukuliwa na askari, motokari, pikipiki, hata baiskeli ya katekista, basi hiki kinachopita bila mlio wa mota ni kitu gani, na kinamtafuta nani? Hakulala. Homa ya Marc ilikuwa siku ya tatu na mjini dawa hakuna. Kulipokucha akamfunga mgongoni, akaenda mbele ya gare, stesheni ya treni, kwa Shafii, mwuza kahawa, ambaye babu zake walitoka Maniema na mizigo ya chumvi. Pale pana benchi lililong'olewa kwenye wagon ya deuxième classe, daraja la pili, na juu yake wanaume watatu kila siku ya Mungu: Mzee Mulongo, machinist, dereva wa zamani wa treni za moshi, jina lake hapo Vapeur, yaani mvuke; Tshimanga, fundi wa umeme wa depo, jina lake Ampère; na Kitwa wa telegrafu, wanayemwita Radio kwa sababu hana pa kuzimia.

Walipomwona wakanyamaza wote, hata Radio.

— Karibu, Mama Marc, akasema Vapeur. Mutoto iko namna gani?

— Anaungua, Tata. Na busiku nilisikia kintu inapita, zzzz, nikasema banatufikia, nikazima taa, nikamufunika mutoto mudomo, karibu nimuue na mukono yangu...

Ampère akainamia kikombe chake.

— Pardon, mama. Ile ilikuwa minyi mwenyewe.

Akaeleza polepole. Kile kigari cha umeme cha kubebea mizigo kwenye quai ya gare, askari hawakukiona. Kililala hangarini chini ya maturubai. Siku courant, umeme, iliporudi mjini alizijaza batri zake, na usiku akakizungusha kwenye njia ya nyuma, kando ya reli, mpaka kikafa, apime kitaenda umbali gani.

— Kilomita tisa, akasema. Na kwa masista wa misheni, kwenye kwinini, ni kumi na moja. Leo nimejaza tena, lakini tisa ni tisa.

— Tunapima juu ya mutoto wako, akasema Vapeur. Njo maana tulinyamaza. Tunatafuta kilomita mbili.

Sephora akasema asante. Akakaa kwenye ncha ya benchi. Shafii akampa kahawa bila kumuuliza.

— Mimi ninasema hivi, Ampère akaanza. Mipira ya magurudumu tuijaze upepo mpaka ikuwe kama jiwe. Vile vyuma vya pembeni tuvitoe, ni kilo bule. Na kuanza, pole. Ukiianza na nguvu, batri inakula yote palepale.

— Na kwa mushuko unafunga! Vapeur akadakia. Unafunga vapeur, inashuka yenyewe. Minyi nilifikisha treni Bukama na makaa ya nusu ya safari.

— Haina vapeur, Tata.

— Kila kintu iko na vapeur yake.

— Munasahau upepo! akasema Radio. Upepo inashika bantu kwa kichwa. Mutaka cha mvunguni ainame! Mama Marc alale, weye Ampère ulale pia.

— Na nani ataangalia barabara?

— Barabara haikimbiake.

— Tufunike batri blanketi, akasema Vapeur. Batri iko kama mwana, baridi inamumalizia nguvu.

— Ile njo kweli, akakubali Ampère, na Vapeur akatazama huku na huku kama mtu aliyepewa medali.

Radio hakupenda medali ya mwenzake.

— Basi tumimine kahawa ya Shafii ndani! Inaamsha hata mwenye alikufa.

— Kahawa yangu ni ya bantu, akasema Shafii.

— Tufunge mbuzi mbele, akasema Vapeur, avute kwa mupando.

— Mbuzi gani? akasema Ampère. Askari balikula yote.

— Ah, minyi nimepata! akasema Radio. Batri haijue kuhesabu. Tuiambie inaenda kilomita tisa tu. Ikifika tisa, tunaiambia: tisa ingine!

Sephora akacheka. Cheko la kwanza tangu siku tatu, na lilipokwisha tu hofu ikarudi mahali pake, akauliza:

— Na kurudia huku mjini?

Vapeur akavua kofia yake.

— Kurudia... Mama, kwetu ku treni machinist anapewa feuille, karatasi ya kuenda. Kurudia iko feuille ya équipe ingine, bantu bengine ba zamu.

— Équipe ingine iko wapi?

Jean, mume wa Sephora, ndiye aliyekuwa équipe ya kurudia. Alikwenda Lubumbashi na treni ya Agosti, na treni haijaonekana.

Shafii akainamisha birika. Tone moja, basi.

— Kahawa imeisha, akasema. Mama, weye uende. Kurudia ni shida ya mwenye amepona.

Wakaenda kwa njia ya nyuma, askari wasiwaone, Ampère na mama na mtoto na blanketi ya batri. Kigari hakikulia, wanawake wa mashambani hawakuinua hata kichwa. Kwenye mishuko Ampère alifunga, na kwenye mipando alizungumza nacho kwa sauti ya chini, hakusema alikuwa anakiambia kilomita ngapi. Wakafika, na courant ikabaki. Sista akamtundikia Marc dripu ya kwinini. Siku ya tatu huko homa ikashuka, mtoto akafungua macho akaomba bukari, yaani ugali, na Sephora akalia mbele ya watu wote bila haya.

Wakarudi mchana huo. Kigari kilijitahidi, kikaenda, kikaenda, kikazeeka, na kilipopita daraja dogo kikasimama. Kilomita tano mpaka mjini. Pori huku, pori kule. Sephora akamfunga Marc upya, na hapo akasikia sauti za watu kwenye kona. Watu wanagombana.

— Nilisema itapita daraja!

— Ulisema itafia kwa daraja, Tata, si kupita!

Kando ya barabara lilikuwa benchi la deuxième classe, Vapeur na Radio juu yake, na Shafii akipuliza moto chini ya birika.

— Muko hapa tangu lini? akauliza Sephora.

— Tangu jana, akasema Shafii. Hatukujua siku mutarudia.

Vapeur akasimama, akavaa kofia yake ya machinist.

— Équipe ingine, mama, njo siye.

Wakapakia benchi juu ya kigari, wakamkalisha Sephora na Marc juu ya benchi, wakasukuma, wakibishana namna ya kusukuma bila kuchoka. Karibu na nyumba za kwanza wakasimama wangoje giza.

— Mama Marc, akasema Vapeur akihema, hii mambo ibakie hapa. Askari bakisikia, kesho hatuna kintu ya kusukuma, na kuko batoto bengine.

— Tata, nitawashukuru na nini?

— Na kunyamaza.

Sephora akaweka mkono kwenye paji la Marc. Baridi.

— Sitaambia muntu, akasema. Hata mumoja. Hata Jean akirudia, nitamwambia tu mutoto alipona.