Bega la Ngusa

Kijiwe chetu kipo mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, barabara ya kwenda Kivukoni, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kahawa ni ya Mwanasha, na tangu nifiwe na mke ndiyo inayonitoa nyumbani. Wenye benchi ni watatu, wote tumeipita hamsini. Yupo Dionisi, tunayemwita Winchi kwa sababu enzi zake alipakia magunia kwenye mabehewa pale stesheni. Yupo Polikarpo, Daktari, aliyewahi kufagia zahanati. Na mimi Kalamu, mwandika barua za watu. Alhamisi moja ya mwaka tisini na sita, Winchi alifika amenuna. Jumamosi mkewe Tekla alipura mpunga wao. Fimbo ya kwanza ya kupura, ambayo huku kwetu hupigwa na mwenye nyumba, alimpa Ngusa, Msukuma mfugaji wa Katindiuka, mzee anayekaribia sabini. Tukasikia mzee aliinua fimbo juu ya kichwa kutwa nzima. Mimi nilimwonea wivu, sifichi.

— Shamba langu, turubai langu, mke wangu, akasema Winchi. Fimbo ya kwanza kwa Ngusa.

— Wewe ulikuwa wapi? nikamuuliza.

— Nyumbani. Tekla kaniambia nipumzike. Kumbe ana lake jambo.

Daktari akasafisha koo.

— Bega la mtu likishapita arobaini linapungua nguvu kila mwaka, hata kama haumwi popote. Nilisikia zahanati, nikifagia.

— La Ngusa mbona halipungui?

— Maziwa. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini.

— Methali hiyo haihusu maziwa, nikamwambia.

— Inahusu ng'ombe. Inatosha.

Winchi akatema mate pembeni.

— Maziwa gani. Yule akichinja fahali, bega halili. Analifunga begani kwake mpaka likauke, nguvu inahamia.

— Umeona?

— Mtu anapigiwa fimbo yake ya kwanza halafu mnamdai ushahidi?

Nikaona na mimi nisibaki nyuma.

— Ngusa hana cheti cha kuzaliwa. Nimemwandikia barua, najua. Mwili wake hauna karatasi ya kusomea umri, kwa hiyo haujui kama umezeeka. Sisi tumeandikishwa, ndiyo maana tunaisha.

Wakaipima hoja. Daktari akamgeukia Winchi.

— Tumalize ubishi. Inua mkono tuone kama amekuzidi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajibu Winchi. Vitu vyangu vyote siku hizi nimeviweka mvunguni. Mkono niunyooshe wa nini?

— Hata kofia huvai?

— Kofia nimeiacha, joto. Inua wewe.

— Nimeshika kahawa, itamwagika.

Hawakuniambia mimi niinue, nikashukuru.

Ndipo Ngusa mwenyewe akatokea, anatembea taratibu, fulana yake ina makapi ya mpunga mgongoni. Akatusalimu kwa Kisukuma, mwadila, tukamwamkia shikamoo, Winchi wa mwisho na kwa shida. Mwanasha akampa kikombe. Mzee akakipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi. Wa kulia ulikuwa umelala pajani tangu alipokaa.

— Dionisi, homa imepoa?

— Homa ipi?

— Mama alitutangazia pale shambani kwamba homa imekulaza. Akanipa fimbo mbele ya watu wote. Ningekataaje? Nikapiga hadi jua likazama, kwa aibu tu.

Winchi akayatazama machicha ya kahawa kwenye kikombe chake.

— Juzi nimekwenda kupimwa, akaendelea Ngusa. Wananiambia mzee huumwi, u mzima kabisa, ni umri. Sasa mke wangu Nyamizi yuko Chita, binti yetu kajifungua. Tangu Jumamosi nalala na fulana hii, mkono haupandi. Nikasema nije niwaulize wenzangu. Dionisi, wewe fulana yako unaivuaje?

Daktari aliinama akalichunguza lile tofali la benchi, nami nikatafuta kalamu mfukoni, sikuwa na cha kuandika. Mwanasha alimimina kahawa ya mwisho, akalifunika birika.

Winchi akaweka kikombe chini.

— Tekla, akasema. Ananivua Tekla. Mwaka wa pili huu, na hajamwambia mtu.

Akasimama, akamshika mzee mkono ule mzima.

— Twende nyumbani, atakuvua na wewe.

Wakaondoka wamekamatana. Daktari naye akakumbuka kwamba kuna mahali anasubiriwa. Nikabaki mwenyewe, na wivu niliokuwa nao kwa Ngusa ukahamia wote kwa Winchi. Fulana niliyokuwa nimevaa ilikuwa mwilini tangu Jumapili.