Mpira wa Mwalimu Munyemana na Tangazo Lililongoja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mwalimu Munyemana wa Muganza, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na saba. Mwalimu Munyemana, yule wa mpira.

Alikulia Bukavu, akarudi Rwanda mwaka 1995, akafundisha shule ya msingi hapa Muganza kwa miaka ishirini na tatu. Kitabu chake cha sayansi alikuja nacho kutoka Kongo. Kitabu kilisema sayari ni tisa, naye akafundisha tisa. Aliendelea hivyo hata baada ya Pluto kuondolewa kwenye hesabu hiyo mwaka 2006, maana habari hiyo hakuipata.

Mwaka 2012, msichana mmoja wa Mururu, jina lake Isimbi, alinyoosha mkono. Akasema Pluto ni sayari kibete, amesikia kwa mjomba wake. Mwalimu alikasirika. Akamsimamisha mbele ya darasa mpaka aseme tisa. Mtoto akasema tisa, huku analia.

Wiki ile ile Mwalimu aliuliza watu wa mjini Kamembe waliojua. Kumbe mtoto hakukosea. Angeweza kunyamaza, wangapi tunanyamaza? Yeye alimwita Isimbi mbele ya darasa lile lile. "Mutoto, wewe njo ulikuwa na raison," akamwambia, yaani haki ilikuwa yake. "Mimi njo nilikosa. Unisamehe."

Hapo ndipo mpira ulipoanza. Aliuweka mlangoni mwa shule: hili jua. Hatua thelathini hivi mbele, mbegu ya ulezi: hii dunia. Kisha akawatembeza watoto karibu kilometa moja, hadi kwenye mashamba ya mpunga, akiwa na chembe moja ya mchanga kwenye kidole kilicholowa. Hiyo ndiyo Pluto. Ukigeuka, mpira ni nukta tu. Eris, sayari kibete nyingine, ilikuwa mbali zaidi, kilometa mbili na kitu, na watoto walifika huko wakidai maji. Wakulima waliinua majembe wakacheka: "Mwalimu, unapeleka batoto wapi tena?" Naye anajibu, "Mwisho wa jua, Maman!" Ah, nani wa Muganza asiyekumbuka matembezi yale?

Lakini kitu kimoja kilimkosesha raha. Wale aliowafundisha tisa walishatawanyika. Wengine wako kwenye kiwanda cha saruji, wengine Nzahaha, wengine wamevuka kwenda Bukavu. Alipostaafu alileta tangazo hapa redioni, ameliandika kwa mkono. Lilipokewa na mtangazaji mmoja. Siku hiyo kulikuwa na matangazo ya misiba na ya ng'ombe aliyepotea, na mtangazaji akamwambia, "Mzee, hili litangoja kidogo." Akalitia kwenye droo. Limengoja miaka saba.

Mtangazaji huyo ni mimi.

Binti yake, Clarisse, aliniambia juzi msibani: "Papa alikuwa anafungua redio kila siku saa ya matangazo. Anatunyamazisha sisi bote. Ikiisha, anasema, 'Pengine kesho.'" Nilitoka msibani nikaja kufungua droo ile.

Maman Gaudiose, mkewe, na wewe Clarisse, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni usiku wa leo kabla ya kulala: kuna mtoto uliyemkosea, naye alikuwa na haki? Mtafute angali anasikia.

Sasa nalisoma, kama alivyoliandika.

"Batoto bangu ba Muganza, benye mulisoma kwangu kabla ya mwaka 2012. Niliwafundisha sayari tisa. Nilikosa. Ni nane. Pluto ni sayari kibete. Haikupotea, iko kule kule, na ndugu zake Eris, Haumea na Makemake. Mwenye alinisahihisha njo Isimbi wa Mururu. Munisamehe. Muambie na batoto benu. Ni mimi Mwalimu wenu, Munyemana."

Limesomwa, Mwalimu. Nimekukosea, unisamehe.