Pipi Niliyoibatiza Katani

Ndugu zangu, asifiwe Bwana ambaye bado ameniachia ulimi, ingawa ulimi huo ndio ulioniponza! Mmeniomba nisimame niseme alivyoniokoa. Nitasema, lakini msiandae vigelegele. Kuna watu hutolewa kwenye nyumba inayoungua wakiwa na nguo zao na godoro lao. Mimi nilitolewa mtupu.

Nimezaliwa Korogwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge. Baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Usingizi wangu wa utotoni ulinukia singa, zile nyuzi za mkonge zilizoanikwa juani. Baba alipofariki, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, nikaanza kutembea na sikujua kuacha. Nilipanda basi mpaka Morogoro, nikauza mitumba. Nikadandia lori la chumvi mpaka Kidatu, nikakata miwa na watu wa kila mkoa na kila dini. Nikashuka Mang'ula. Nikashuka Ifakara, nikapanga chumba Mlabani, nikawa napakia magunia ya mpunga kwenye malori. Kila nilipofika nilisema hapa pazuri, na kila nilipolala niliota Korogwe. Mwisho nikafika Mchombe, njia ya kwenda Mlimba, nikiwa na mvi na begi lile lile nililotoka nalo nyumbani.

Mchombe ndipo Mungu aliponipa Veronika, binti wa Kindamba, mwenye maneno na mwenye shamba. Kwa mara ya kwanza nilipanda kitu mahali ambapo nilitaka pia kukivuna. Tukajaliwa mtoto wa kike, Pendo. Begi nikawaachia panya.

Ila mgongo wa baba nilikuwa nimeurithi. Ukishinda umeinama kwenye palizi ya mpunga, usiku unalala kama uliyelazwa juu ya mawe. Dawa za dukani zilishindwa. Nilikemea katika maombi, maumivu yakabaki.

Hapo akaja Jofu. Ni kijana wa pikipiki aliyekuwa akizunguka kwenye mashine za kukoboa mpunga, akiuza betri, miwani na sumu ya panya. Safari hiyo alileta pakiti zinazong'aa, na ndani mna pipi laini za rangi, za kupendeza kama za watoto. Alisema zimetoka nje ya nchi, zinaondoa maumivu na kuleta usingizi. Watu walisita, maana kwenye pakiti palichorwa jani, na jani lile kila mtu alilifahamu.

"Jofu, hii si bangi hii?" Veronika akamuuliza.

"Mama Pendo, ningekuwa nauza bangi ningeinadi kwa spika mchana kweupe? Mimi Kizungu sijui. Mpe mzee wako asome, si ndiye msomi wetu?"

Nikapewa pakiti. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoangukia. Neno lililoandikwa lilikuwa "hemp". Nilikuwa silijui, nikalitafuta kwenye kamusi ya simu. Kamusi ikanijibu kwa neno moja: katani.

Katani! Kwetu katani ni mkonge. Ni kamba, ni gunia, ni ada yangu ya shule. Nani amewahi kulewa kamba? Sikujua kwamba neno hilo ni jina pia la mmea mwingine wenye nyuzi, ndugu wa damu wa bangi. Nikainua pakiti juu, nikasema mbele ya watu wote: "Hii ni katani. Mimi nimelelewa na katani!"

Jofu akaangua kicheko. "Mzee, kumbe baba yako miaka yote alikuwa anakata dawa, wanamlipa mshahara wa kamba!"

Watu wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakanunua. Tangu siku ile pipi zile hazikuwa na jina jingine. "Katani, katani! Pipi ya usingizi!" Spika ilikuwa ya Jofu, lakini neno lilikuwa langu.

Na mimi nikala. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Nikasema Bwana amejibu! Baada ya muda nikawa nakula hata mchana, na si kwa ajili ya mgongo. Nikila, majaruba ya mpunga yalinyooka yakawa mistari ya mkonge. Nilisikia harufu ya singa. Siku moja nilimwona baba kwenye tuta, ameshika kisu chake, ananisubiri. Ndugu zangu, mtu aliyetembea maisha yake yote akitafuta nyumbani, akapata nyumbani ndani ya pipi, ataiachaje?

Lakini zilikuwa na hila. Unakula moja, haikufanyi kitu. Siku ya pili, kutoka pakiti ile ile, unakula nusu na dunia inakupindukia. Siku nyingine nilingoja, nikaona kimya, nikaongeza ya pili. Zote mbili zikanikamata pamoja nikiwa katikati ya jaruba, moyo unapiga kama mashine ya kukoboa, nikaketi kwenye maji nikilia. Veronika aliniosha tope, akaniambia neno ambalo halijanitoka: "Baba Pendo, siku hizi unanitazama kama mtu anayesubiri basi."

Kweli nilikuwa nasubiri basi.

Ukafika msimu wa kuvuna. Tulikuwa shambani tunapiga mpunga kwenye turubai, na Pendo alikuwa na kikohozi, analialia, hataki kulala. Veronika akampandisha kwenye dungu, kile kibanda chetu cha miti mirefu cha kulindia ndege. Aliposhuka mtoto alikuwa ametulia. Tukafanya kazi kwa furaha. Jua lilipopanda sana nikaenda kumwamsha ale. Hakuamka. Nilimwita, nikampiga mashavu, nikammwagia maji. Macho yalifunguka kidogo, meupe, yakajifunga. Pumzi yake ilikuja, ikakawia, ikaja.

"Umempa nini?" nilipiga kelele.

"Katani," Veronika akasema. "Moja tu. Apumzike. Si katani tu? Si wewe ulisema?"

Tulipata gari la mpunga lililokuwa linakwenda Ifakara. Njia nzima nilihesabu pumzi za mwanangu, na njia nzima mama yake hakunitazama.

Hospitali walimpokea mbio. Daktari, binti wa umri wa kuwa mwanangu, akauliza amekula nini. Veronika akamjibu: katani.

"Katani?" daktari akashangaa. "Katani ya magunia? Amemeza kamba, mama? Imemkaba?"

Wakamfungua kinywa, wakamulika koo wakitafuta kamba. Ndugu zangu, oneni! Mtoto anazama, na neno langu limesimama mlangoni linawazuia wanaotaka kumtoa. Ndipo nikakumbuka pakiti iliyokuwa mfukoni mwangu. Nikaitoa. Daktari akaisoma, na sura yake ikabadilika.

"Nani amewaambia hii ni katani?"

"Ni mimi, daktari."

"Baba yangu, hiki ni kilevi. Ni kitu cha bangi kimekamuliwa, kikapikwa na sukari. Hakuna aliyekipima. Hata aliyekitengeneza pengine hajui pipi ipi ni kali na ipi ni maji. Na wewe umekiweka nyumbani kwenye mtoto?"

Nikamwomba amchome sindano ya kukitoa. Akasema hakuna sindano ya kukitoa. Watamsaidia kupumua, na tutasubiri.

Nilikwenda nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia nguo za wagonjwa, nikapiga magoti. Sikuwa na maneno. Mimi, msomi wa Mchombe, sikuwa na maneno! Nilisema tu, "Bwana, usimhukumu mtoto kwa kinywa changu." Nilitoa pakiti nyingine zote zilizobaki mfukoni nikazitumbukiza chooni. Na Bwana alisikia! Pendo aliamka, akamtazama mama yake, akaomba uji. Asifiwe milele yote! Kiu ya zile pipi ilinitesa, nilitoka jasho, nilikesha, lakini sijazigusa tena mpaka leo.

Ningependa ushuhuda wangu uishie hapo. Hauishii hapo.

Nilirudi Mchombe nikapita nyumba kwa nyumba kulirudisha lile neno. Nikasema si katani, ni kilevi, kilikaribia kumuua mwanangu. Wakanicheka. "Mzee Katani kapata wivu, anataka kuuza peke yake!" Nikamfuata Jofu, nikamsihi aache. Alinisikiliza kwa heshima, kofia mkononi. "Shikamoo, mzee wangu. Mimi nauza tu. Wewe ndiye uliyeibatiza." Akawasha pikipiki, na spika ikaanza.

Na nyumbani, nikisema neno, Veronika alitoka nje. Mwisho akaniambia bila hasira, akipeta mchele: "Nilimlisha mwanangu sumu kwa mkono wangu, kwa neno lako. Nimekusamehe, Mungu anajua. Lakini kila ukifungua mdomo nasikia katani. Nenda, Baba Pendo."

Nikalikung'uta begi mavi ya panya.

Siku ya kuondoka nilinunua kashata za karanga kwa mama mmoja kando ya barabara, nikachuchumaa mbele ya Pendo nikampa moja. Akaficha mikono yote miwili mgongoni.

"Sitaki kulala, baba."

Nikaimega, nikala kipande mbele yake ili aone. Nikamwambia, "Ni karanga tu, mama. Ni karanga na sukari." Akanitazama mdomoni kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma hatua moja, akashika kanga ya mama yake. Gari la Mlimba likapiga honi. Mlimba nikapanda treni ya kuja huku juu, Makambako, na kashata ikiwa bado mfukoni.

Ndugu zangu, Bwana alimrudisha mtoto, akanirudishia akili yangu, na kwa hayo namshukuru hata ninapolia. Msile kitu kwa sababu kina jina zuri. Na mwenye kufungwa na pipi, na unga, na chochote, aje kwa Yesu leo. Sina kingine cha kuwapa. Ndilo jina pekee ninalothubutu kuwaomba mlipokee kutoka katika kinywa changu.