Inayat Masih, Mwongoza Wageni Aliyegoma Kudanganya

Yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyaamini: katika Agra hii hii, mtu ameongoza wageni miaka thelathini na minne bila kuwadanganya. Ila marehemu mwenyewe alisomewa wasifu huu akiwa hai, na mwandishi, mjomba wake Barkat, alikatizwa kila alipotia chumvi.

Inayat Masih alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtaa wa Wazirpura, mtoto wa pili wa Yusuf Masih, mpishi, na mkewe Hannah.

Alisoma shule ya misheni, akamaliza darasa la kumi mwaka 1975. Hesabu zilimshinda, historia aliimeza. Aliyempeleka Taj Mahal mara ya kwanza ni mjomba Barkat, kwa gari lake la farasi, akamfundisha yote aliyokuja kuyajua. (Hapa marehemu aliagiza iandikwe kwamba mjomba alilala garini mpaka wakati wa kurudi.)

Mwaka 1983 alipata kibali cha kuongoza wageni. Ziara yake ilikuwa ya siku moja: asubuhi kaburi la Itmad-ud-Daula, mchana ngome, alasiri Taj Mahal. Wenzake walipenda kusimulia kwamba mfalme Shah Jahan, aliyeijenga Taj Mahal, aliwakata mikono mafundi wote ili wasijenge tena. Wageni walitokwa na machozi, na bakshishi ikanona. Inayat hakuisimulia hadithi hiyo.

"Kaka Inayat, unatuharibia riziki!"

"Mikono ikatwe, halafu ngome ya Delhi waijenge kwa miguu?"

Mkewe alimpata kwa ugomvi huo huo. Mwaka 1986 mwalimu Sabina Daniel alikuwa pale bustanini akiwaeleza wanafunzi wake habari za mikono. Inayat, aliyekuwa akipita na wageni, akasimama.

"Dada, hiyo si kweli."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Na aliyekuambia hakuwepo vilevile."

"Huna adabu!"

"Adabu ninayo, dada. Wewe ndiye huna ushahidi."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Sabina akamnunia mpaka Krismasi. Walifunga ndoa tarehe 11 Februari 1988, wakajaliwa Shireen na Anwar.

Machi 2017 alipatikana na kansa ya koo. Upasuaji ukaondoka na sauti yake. Kilichomnyima raha hakikuwa kifo. Shireen alikuwa amepata kibali mwaka huo huo, na baba alihofia kwamba siku bakshishi ikipungua, binti naye ataanza kukata watu mikono. Kwa hiyo Novemba alifuatana naye ziara nzima, mwavuli mkononi. Walipatana hivi: Shireen akiongeza chumvi, mwavuli unagonga sakafu.

Ngomeni uligonga, Shireen aliposema Shah Jahan alikaa kifungoni humo akiitazama Taj bila kupepesa macho.

"Alipepesa," akajirekebisha haraka. "Samahanini, alipepesa."

Walipofika Taj Mahal, bibi mmoja mgeni akauliza, "Ni kweli mfalme aliwakata mikono mafundi?" Kundi zima likasogea. Shireen akamtazama baba yake. Mwavuli ulikuwa umeinuliwa, unasubiri.

"Hapana, mama," akasema. "Hadithi ni tamu, najua. Lakini haina ushahidi wowote, na mfalme huyo huyo alikuwa bado anajenga Delhi. Angejenga na nani?"

Bibi akakunja uso. Inayat akaushusha mwavuli polepole, usiguse marumaru, akamkabidhi binti yake. Hakuongoza tena.

Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 14 Januari 2019, alfajiri, katika hospitali moja hapa Agra, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sabina. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mjane, Sabina; binti, Shireen, anayeendelea na kazi na mwavuli; mwana, Anwar, wa Kanpur, na mkewe; wajukuu wawili; na mjomba mmoja.

Aya ya mwisho alisomewa wodini Jumamosi, siku mbili kabla. Mjomba alisimama, akakohoa, akapaza sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka: "Marehemu apumzike kwa amani! Siku ya maziko yake maduka yote ya Agra yalifungwa, na mto Yamuna wenyewe ulisimama, maji yakakataa kuteremka hata ha—"

Kijiko kikagonga chuma cha kitanda. Ko, ko, ko.