Habari ya Uhamisho wa Mwalimu Wetu: Risala ya Mabibi wa Darasa la Simu

Mgeni rasmi, mheshimiwa Mkurugenzi wa Maktaba; mwalimu wetu mpenzi; wazee wenzetu na wajukuu mliotusindikiza, tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU KWETU

Karibu katika chumba hiki cha nyuma. Viti havilingani kwa sababu kila bibi alikuja na chake kutoka nyumbani. Hicho ulichokalia ndicho chenye mto, tulikuwekea. Risala tumeitunga pamoja, na ninaisoma mimi kwa kuwa miwani yangu ndiyo nzima. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitakwenda polepole, utuvumilie.

Tuseme mapema kilicho moyoni. Tumesikia kwamba mwalimu wetu anahamishiwa makao makuu na darasa hili litafungwa. Tumesikia tu. Ndiyo maana tumefurahi kukuona ana kwa ana.

TULIKOTOKA

Darasa lilizaliwa kwa sababu wajukuu walituchoka. Mtoto anakununulia simu, mjukuu anakwambia, "Bibi, bonyeza hapa," halafu huyo anaenda zake. Mwalimu wetu, ambaye ni mkutubi wa hapa, alitukuta tumekaa kwenye ngazi za maktaba tunabonyeza ovyo, akatufungulia chumba hiki.

Tulikuwa na kosa letu. Kila ujumbe ulioingia tuliupeleka kwa wote tunaowajua. Dawa ya magoti, mtoto aliyepotea, mwisho wa dunia, vyote tulisambaza. Kwetu ujumbe ulikuwa kama salamu: umepewa, ufikishe. Ukikaa nao unaonekana una kiburi. Mwalimu hakutucheka. Alisema, "Bibi zangu, salamu pelekeni. Habari iulizeni kwanza."

Tukamjibu, "Tuiulize nini, nayo haina mdomo?"

"Nani kasema, kajuaje, na anataka mfanye nini."

TULIYOYAPATA

Tungeweza kusema mengi, ila tutakueleza la mwenzetu mmoja. Ni mama mkwe wa fundi cherehani, nasi tunamwita Mama Spika, maana simu yake inasikika mpaka mtaa wa pili. Alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ilishampangia siku ya kupasuliwa. Ikaja sauti kwenye simu, nzito, ya mtu anayejiita daktari, ikisema upasuaji ule unapofusha wazee. Mkwewe akakataa kata kata. "Mama, huendi. Daktari mwenyewe kasema."

Mama Spika akaileta sauti ile darasani. Mwalimu angeweza kutupa jibu papo hapo, lakini hakulitoa. Alisema, "Mkiniamini mimi hivi hivi, mtakuwa mmebadilisha sauti tu. Bado hamjauliza." Tukaenda wenyewe kwa muuguzi wa macho. Alitueleza hatua kwa hatua, hata hatari zenyewe hakutuficha. Tulimuuliza mpaka akasema, "Mmekuja kutibiwa au kunihoji?"

"Vyote," akajibu Mama Spika.

Kazi ilibaki kwa mkwe. Hapo ndipo tulipoona faida ya somo lingine la mwalimu, la kuongea na mtu bila kumwangusha. Mama Spika hakumwambia mkwewe kwamba kadanganywa. Alimwambia, "Baba, unaniogopea, na mimi najiogopea. Twende wote, ukamuulize muuguzi unachotaka." Wakaenda, wakarudi wakicheka. Akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa alikuja hapa, akamtazama mwalimu juu mpaka chini. "Kumbe ni kasichana? Kwa jinsi unavyotubana na maswali, nilidhani jimama zima."

CHANGAMOTO

Soketi ya umeme ni moja, hivyo simu zinapanga foleni kuliko sisi. Mtandao unashika mlangoni tu, kwa hiyo bibi mwenye swali husimama pale na kumzibia njia mwenye jibu. Haya tumeyazoea.

Linalotunyima raha ni habari ya uhamisho. Ilikuja kwa sauti ya simu, na msemaji hakujitaja. Hatukuipeleka popote. Tulimuuliza mwalimu, akasema si lake kulitangaza.

MAOMBI

Kwanza, mheshimiwa, tunaomba utujibu kwa kinywa chako: ni kweli?

Pili. Wengi wetu tulitaka kukuomba abaki, na tulibishana sana humu ndani. Kisha Mama Spika akasema, "Jamani, yeye anataka nini? Nani kamuuliza?" Basi tukamuuliza: kama ingekuwa kweli, ungependa kwenda? Akachukua kitambaa akafuta ubao ambao ulikuwa msafi. Akasema angependa, ila anatuonea huruma.

Kwa hiyo hatukuombi abaki. Kama umekuja kumchukua, mchukue, na umpe kazi inayomfaa, kwa sababu huyu ni hazina. Tunaomba chumba kisifungwe, na ufunguo utuachie sisi. Kuna vikongwe wengine wanaogopa simu zao mtaani huko, na tutawafundisha alivyotufundisha. Tukikwama tutampigia. Namba yake tunaijua, na kupiga simu tunajua.

Mwalimu, nenda, mwanetu. Usituonee huruma. Tumeshakuwa watu wa kuuliza.

Mungu akulinde njiani, akupe wakubwa wenye masikio. Na wewe mheshimiwa, akujalie uzee wenye macho mazima na watu wa kuongea nao. Sasa nakaa, na sote tunasubiri jibu lako.

Ni sisi,
Mabibi wa Darasa la Simu, Chumba cha Nyuma.