Historia ya Kaka Yetu Mkanda, Rubani, na Koti Nililolipunguza

Mchungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofika kutufuta machozi, mimi ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, kazi yangu ni fundi cherehani, na kabla sijaanza naomba niseme mbele za Mungu kwamba sistahili kuishika karatasi hii, kwa sababu niliujua ugonjwa wa kaka yangu miezi mitano kabla ya mkewe, wala sikuujua tu, niliuficha kwa sindano na uzi. Jambo hili nilimweleza shemeji juzi Jumanne jikoni kwake, nikitegemea atanifukuza, lakini aliyaacha maji ya chai yachemke mpaka yakakauka, ndipo akasema, "Lisome mbele za watu, shemeji, maana peke yangu siwezi kulibeba." Basi nitalisoma, likifika mahali pake.

Kaka yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa mama yetu na wa kwanza wa kiume, baba akiwa mpaka rangi wa mabehewa, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kutembea kwa sababu kila aliposimama alitazama juu, akaanguka.

Alianza shule ya msingi Januari 1975 akamaliza 1981, akaendelea na sekondari hadi 1987, na mwalimu wake wa hesabu alimchapa mara nyingi kwa kutazama dirishani, akidhani anaota, kumbe alikuwa akiangalia nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya mlinzi zinapepea kuelekea upande gani, ili ajue upepo unatoka wapi. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo halikuwa kosa la mtu ila la kichwa changu, naye hakunicheka hata siku moja, aliwaambia wenzake kwamba nyumbani kwao kuna mtu mmoja wa kusoma na mmoja wa kuhakikisha msomaji haendi shule na suruali iliyochanika.

Mwaka 1989 alichaguliwa kwenda chuo cha urubani, akapata leseni yake tarehe 21 Agosti 1991, na tangu hapo hadi mwisho alirusha ndege ndogo zinazobeba abiria, magazeti na masanduku ya chanjo. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mkanda, na sababu ni kwamba hakuwasha injini kabla ya kupita kiti kwa kiti, akiwa ameinama kwa sababu ya urefu wake, akikaza mkanda wa kila abiria kwa mkono wake mwenyewe, na mfanyabiashara mmoja mnene aliwahi kumlalamikia kwamba anamkaza kama gunia, naye akamjibu, "Gunia halina watoto wanaolisubiri, mzee wangu." Sare zake zote nilishona mimi, na jina lake nililitarizi ndani ya kola, mahali ambapo hapaonekani, kwa majivuno tu, Mungu anisamehe.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996 na shemeji yetu huyu, aliyekuwa akipima mizigo pale uwanjani, na walivyokutana ni hivi, alimwambia begi lake limezidi uzito, kaka akasema hilo ni begi la rubani, shemeji akamjibu kwamba mizani haijui rubani, alipe au apunguze. Kesho yake kaka akarudi na begi lilelile, na keshokutwa yake, mpaka shemeji akataka kujua kama amebeba mawe, akalifungua mbele ya watu, na ndani mlikuwamo pasi yangu ya mkaa, niliyokuwa nimeitafuta wiki nzima na kumgombeza bure kijana wangu wa dukani. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni nesi, kijana wa kati anayetengeneza majokofu, na kitinda mimba wetu aliye kidato cha tatu, na wote hao hawakupata kulisikia gari la baba yao likiwaka kabla hajageuka nyuma kuuliza, "Mmekaza?" nao wajibu, "Tumekaza, baba," hata kama gari lilikuwa likisogezwa tu uani likaoshwe.

Sasa nimefika mahali pake.

Mwezi Juni 2022 kaka alikuja dukani kwangu saa ya mchana, akavuta pazia, akavua koti la sare akaniambia limelegea, na nilipompima nikaona kiuno kimepungua inchi mbili na nusu, nikamuuliza, akasema ana maumivu yanayotoka tumboni hadi mgongoni, yamemshika tangu baada ya kupimwa afya mwezi Mei, maana marubani wa umri wake hupimwa kila nusu mwaka, na kwamba akiyasema watamshusha kwenye ndege. Tulimjua rubani mmoja aliyeshushwa kwa sababu ya moyo, ambaye kila asubuhi alikuja kusimama kwenye uzio wa uwanja, ameshika waya, akitazama wenzake wakiruka, na kaka akaniambia, "Mdogo wangu, mimi pale kwenye uzio siendi. Nipunguzie."

Nilimpunguzia. Nilipunguza koti, nikapunguza suruali, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, na mwezi Agosti akarudi na nguo za nyumbani pia, na mwezi Oktoba nikapunguza vyote mara ya tatu, nikaificha mishono vizuri kuliko ninavyomshonea bwana harusi. Naungama hapa kwamba sikufanya hivyo kwa huruma peke yake, nilifurahi kuitwa, maana maisha yangu yote mimi ndiye niliyemhitaji kaka, na kwa mara ya kwanza kaka alinihitaji mimi, tena usiri ule nikauita uaminifu, nikawa naomba Mungu amponye huku nikiwasaidia watu wasione kwamba anaumwa. Wala sikuwafikiria abiria aliowakaza mikanda huku akiuma meno. Shemeji, ambaye jicho lake hukisia uzito wa sanduku likiwa bado mkononi mwa mwenyewe, alimwona mumewe anakonda, kisha akaona nguo zinamkaa vilevile, akaamini nguo, akajiambia macho yake ndiyo yamechoka.

Tarehe 14 Novemba 2022 alipimwa tena, akapandishwa kwenye mizani, na mizani haijui rubani, wala haijui fundi. Ikaonekana ni saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini, na daktari alimwambia shemeji, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika mfuko wa nguo, kwamba angefika mwezi wa sita wangejaribu kupasua. Mfuko ule ulikuwa umejaa kazi ya mikono yangu. Tangu siku hiyo nimemwomba Mungu anirudishie siku moja tu ya mwezi ule wa sita, na sijapata jibu, na usingizi sina, na sijui naomba nini tena.

Alilazwa mara nne, akavumilia kuliko tulivyovumilia sisi, na Jumapili tarehe 16 Julai 2023, asubuhi, mkewe akiwa ameshika miguu yake, alifumbua macho akawauliza wanawe, "Mmekaza?" nao wakamjibu kama walivyozoea, kisha akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, marubani wenzake na mafundi wa ndege waliopokezana zamu kando ya kitanda chake, majirani mliolala sebuleni kwetu, na mchungaji aliyenisikiliza asinifukuze. Kaka, umewatua wote salama, na wewe sasa tua, pumzika, Mungu akupokee.

Jambo la mwisho. Jumanne ile, nilipokwisha kusema yote, shemeji aliingia chumbani akatoka na koti la sare, akaliweka juu ya meza mbele yangu, akaniambia, "Fumua. Yote." Nikaenda nalo dukani, nikafumua ya Oktoba, nikafumua ya Agosti, nikafumua ya Juni, na hilo ndilo alilovaa humo ndani. Sasa mtapita kumuaga, nanyi mtaona linampwaya sana mabegani na kifuani, na kwa mapenzi yenu mkono utataka kulivuta likae vizuri. Nawaombeni msiliguse. Liacheni hivyohivyo.