Karai Kubwa ni la Aoko

Obiero mjukuu wangu, weka hiyo kalamu chini kwanza unisaidie kukaa, ndipo uandike. Mmenisumbua tangu Jumatatu. Mama tuambie, dana tuambie, ulianzaje biashara, ulifanya nini ikakua, kana kwamba kuna dawa nimeifukia chini ya kitanda na mnaogopa nitakufa nayo. Miaka yote nilipokuwa nikitoa jasho pale motoni hakuna aliyeuliza. Absalom, ulikuwa ukiniona unavuka barabara na marafiki zako wa ofisini, moshi usikushike shati. Rosa, ulisema samaki wananuka, ukaenda soko la Kibuye kuuza mitumba, na mitumba nayo inanuka, lakini hilo tuliache. Sasa daktari amesema neno moja mbele yenu na wote mmeota masikio. Haya, sikilizeni wanangu, maana nitasema mara moja tu, na pumzi yenyewe inakuja vipande vipande.

Nianze na lile litakalowauma. Vyumba vinne vya kupangisha kule Migosi ni vyenu, viwili vya Absalom, viwili vya Rosa, na yule mwalimu wa chumba cha mwisho msimfukuze, hajawahi kunipigia kelele. Karai kubwa, meko, benchi la wateja na ile nafasi yangu ya kando ya barabara hapa Manyatta ni vya Aoko, mke wa marehemu ndugu yenu Ouma. Absalom, shusha mkono. Najua unataka kusema nini. Unataka kusema Aoko ndiye aliyelisha watu samaki mbaya kwenye matanga, na kwamba mimi mwenyewe nilimfukuza watu wote wakiona. Nitafika hapo. Nimelizunguka jambo hilo miaka saba, niacheni nilizunguke kidogo tena.

Mimi nilianza na samaki ambaye hakuna aliyemtaka. Ngege, samaki wetu wa siku zote, walikuwa wamepungua ziwani, baba yenu amekufa, nanyi watatu mnakula kama nzige. Tukasikia kwamba huko Dunga wavuvi wametoa kitu majini. Nikaenda kutazama. Wanaume wanne walikuwa wamembeba kwenye mti mabegani, na bado mkia unaburutika mchangani. Mdomo ungemeza mtoto wa kunyonya, na jicho linawaka kama taa ya baiskeli. Huyo ndiye mbuta. Mzee mmoja alivua kofia kama mtu aliyepitiwa na jeneza. Nami, niliyezaliwa kando ya maji haya, nikaoga humo na kunywa humo, niliona aibu kwamba sikujua ziwa letu lina nini tumboni.

Bei yake ilikuwa ya bure, kwa sababu ilisemekana ana mafuta mengi mno na atakuharisha. Sisi wanawake tulinunua, tukafanya kama tulivyofundishwa na mama zetu: tukampasua, tukamwanika juani. Ngege ukimwanika anakauka. Mbuta aliyeyuka. Mafuta yalimtoka yakatiririka juu ya nyasi, nzi wakaitana mpaka wa mji wa pili, na siku ya tatu tulichimba shimo tukamzika. Wenzangu waliapa hawatamgusa tena. Mimi nilikuwa nimetega sufuria chini ya kichanja, kwa kuwa sipendi kuona kitu kinamwagika, na ilikuwa imejaa mafuta ya manjano. Kesho yake nilinunua kipande kingine kibichi, nikayachemsha yale mafuta, nikakitumbukiza humo nione itakuwaje.

Nilikaa kwenye kigoda nikakitazama kikigeuka rangi ya mandazi, na sikuweza kuinuka. Samaki alikuwa amekuja na mafuta yake ya kujikaangia. Nani aliwahi kuona hivyo? Ng'ombe haji na kuni. Nimesali kanisani miaka mingi kwa sauti ya juu, lakini siku ile, mbele ya sufuria, ndiyo niliyonyamaza vizuri.

Hapo, Obiero, ndipo uandike. Usianze biashara kwa kutazama mwenzako anauza nini. Tazama watu wanamwaga nini, halafu ujiulize kwa nini wanakimwaga. Kiwanda cha samaki kilipofunguliwa, minofu ilikwenda ng'ambo, na kichwa, uti na mkia vikapakiwa kwenye lori vikatupwe. Nilikwenda getini nikamwona Rasik, yule Mhindi aliyesimamia mizigo, mtu mwenye mafua mwaka mzima. Nikamwambia nipe hiyo mifupa. Akacheka, akasema, "Mama, wewe iko na mbwa ngapi?" Nikamwambia nina mbwa watatu na wote wanasoma shule. Alicheka mpaka akapenga kamasi, kisha akaniachia nibebe. Ndiyo mgongo wazi mnaouona sasa kila kona. Wakati ule ulikuwa wangu na nzi tu. Mfanyakazi wa mjengo aliyekuwa hawezi kununua samaki mzima alinunua mgongo wangu, akanyonya kichwa mpaka mfupa ukang'aa, akarudi kazini ameshiba. Nilikuwa nikimtazama akinyonya, nikashangaa jinsi nyama nyingi hivyo inavyoweza kujificha mahali ambapo wenye visu wamesema imekwisha.

Na hivi ndivyo ilivyokua, hakuna uchawi. Sikununua mafuta hata siku moja. Vichwa vya leo vilitoa mafuta ya kukaangia kesho, na yaliyozidi niliyaweka kwenye debe. Debe lilipojaa, nikanunua karai la pili. Lilipojaa tena, nikamwandika mtu kazi. Walikuja mabwana na karatasi, wakaniambia nipanue haraka haraka, watanipa pesa. Niliwapa viti na chai, wakaenda zao. Kama moto wako hauwezi kujilisha, kuni za jirani zitaulisha mpaka lini? Wengi waliokimbia kuliko mimi sasa wanakuja kununua kwangu. Rosa, wewe unafungua robota jipya la nguo kabla la kwanza halijaisha, eti wateja wapende rangi. Acha hiyo.

Jambo lingine, salamu. Kutoka motoni kwangu mpaka mlango huu ni mwendo wa chai kuchemka, lakini mimi nikifunga kazi saa kumi, nafika giza linaingia. Mama Absalom habari, Mama Absalom mgongo unaendeleaje, Mama Absalom ngoja nikwambie. Nasimama kila nyumba. Mlidhani napiga domo. Nilikuwa nikijua nani amefiwa, nani amepata kazi, nani hali chakula jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu, kuliko karai, kuliko Migosi. Nilikuwa nikitembea njia hiyo nikiona ajabu, kwamba mtu wa darasa la pili, mwenye harufu ya samaki mpaka kwenye nywele, anaweza kupendwa na barabara nzima.

Nipe maji. Kidogo tu, si kuniosha.

Sasa Aoko. Ouma alipokufa alikaa nami, akakaanga nami, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kisha ukaja ule msiba wa kwa jirani yetu Nabututu. Waliagiza samaki wa kulisha watu wa matanga, wengi, na siku hiyo lori la kiwanda halikutoka. Nilikuwa na migongo ya siku mbili chini ya gunia. Aoko aliinua shavu la kichwa kimoja akanusa, akaniambia taratibu, "Mama, hii tumwage. Tuwaambie hakuna." Nikamwambia tangu lini wewe ukajua pua kuliko mimi, kaanga mpaka ikauke, ongeza chumvi. Sikutaka kusema hakuna. Sikuwahi kusema neno hilo, nililiona kama tusi. Akakaanga.

Watu waliharisha na kutapika. Mtoto wa Nabututu alilazwa siku nne, akarudi shingo kama ya kuku. Nabututu akaja pale motoni na ndugu zake, barabara ikajaa, akauliza, "Nani alikaanga hii?" Nami nikanyoosha kidole nikasema, "Aoko ndiye alikaanga. Hatakaanga tena hapa."

Sikusema uongo. Mkono ulikuwa wake. Ndivyo nilivyojipoza miaka saba.

Aoko alinitazama. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na yangenimaliza. Hakuyasema. Mke wa mwana habishani na mama mkwe mbele za watu, ndivyo alivyolelewa. Alifuta mikono kwa leso, akaikunja kona kwa kona, akaenda. Nimeona mbuta wa kubebwa na watu wanne, nimeona magugu yakifunika ziwa mpaka meli ikashindwa kupita, lakini sijaona kitu kikubwa kama ule mdomo uliofungwa.

Na biashara ikakua. Hapo ndipo penye uchungu, wanangu. Walisema Mama Absalom hana mchezo, anafukuza hata mke wa mwanawe, kula kwake ni salama. Wateja wakaongezeka. Karai kubwa mnalotaka kuligombania nililinunua mwaka ule. Aoko alikuwa akifua nguo za watu Migosi, labda za wapangaji wangu.

Wiki iliyopita nilimtuma Obiero amwite. Alikuja, akanisalimu vizuri, akasimama hapo mlangoni. Nikamwambia chukua karai na nafasi. Akasema, "Mama, karai nitachukua. Lakini useme pale uliposemea." Nikamwambia mimi ni mgonjwa, siwezi kutembea. Akasema, "Wanyonyi ana mkokoteni."

Obiero alikuwapo juzi. Amenyamaza kwa sababu nilimwambia nitawaambia mwenyewe.

Inueni mto. Basi. Nizikeni kando ya baba yenu, msichinje ng'ombe wa kujionyesha. Msimsumbue Aoko, mkila kwake mlipe kama watu. Kila asubuhi mnuse kabla ya kuuza, hata kama ni nguo, hata kama ni chumba. Na mkikuta kimeharibika mseme hakuna, mseme wazi, neno hilo haliui. Mikono yenu ipate kazi. Moto wenu usizimike. Mungu awape majirani wa kuwasimamisha njiani… Obiero, umeandika?

Juzi, basi. Wanyonyi alinisukuma mpaka pale, saa ya wateja. Nikasema yote. Mimi ndiye niliyejua samaki ni mbaya, mimi ndiye niliyemwambia akaange. Nabututu alikuwa na mgongo mkononi. Akaurudisha kwenye sinia, polepole, kama kitu cha mtu mwingine. Wengine wakarudisha. Akamtazama Aoko. "Kesho ni wewe unakaanga?" Aoko akasema ni yeye. "Basi nitakuja kesho." Mimi hakunitazama.

Tukageuka kurudi. Ilikuwa saa kumi, watu wote wako milangoni, kama siku zote. Niliinua mkono kwa wa kwanza. Nikainua kwa wa pili. Kisha nikauweka mapajani… Wanyonyi alinileta mpaka mlango huu bila kusimama hata mara moja. Tulifika, chai haijachemka.